Makosa Yasiyofanana

Kuna harufu moja ambayo hadi leo nikikutana nayo inanisimamisha. Ni harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji kidogo kabla ya kufagiliwa. Watu wa rika langu wanaijua, hasa tuliosoma shule za serikali, maana tulifagia kuliko tulivyosoma, na sisemi hivyo kwa utani mtupu. Juzi asubuhi nilipita karibu na shule moja pale Visiga nikawakuta watoto wameinama na mafagio ya chelewa, mmoja akiwatangulia na kopo lililotobolewa matundu, anamwaga maji. Harufu ikanijia. Nikasimama pembeni mwa barabara kama mtu aliyesahau anakokwenda, mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama nahitaji usafiri. Nikamwambia hapana, nikaendelea kusimama.

Niliyemkumbuka ni dada Zaituni.

Zaituni alikuwa binti wa mama mkubwa, dada yake mama. Kwao ni kijijini huko Kisarawe, mbele ya mjini, ambako lami inaisha na barabara inateremka katikati ya mikorosho. Alipofaulu darasa la saba wazazi wake walimleta kwetu Visiga, kwa sababu mama yangu alikuwa mwalimu wa Hisabati katika sekondari ya kata, na wao waliamini kwamba mtoto akilala nyumba moja na mwalimu, elimu itamwambukiza tu. Baba yangu alikuwa akifanya kazi Dodoma, tunamwona mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mama, Zaituni, na mimi wa darasa la nne. Shule yangu ya msingi ilitazamana na sekondari yao, katikati kuna uwanja wa mpira, na kila alfajiri tulitoka pamoja.

Kwangu mimi hapakuwa na mtu mwenye akili duniani kama dada Zaituni, na ushahidi nilikuwa nao. Kwanza, madaftari yake. Nilikuwa nayachukua nikicheza mchezo wa mwalimu na wanasesere wangu, na kila ukurasa niliofungua ulikuwa na vema nyekundu kutoka juu hadi chini. Langu lilikuwa na makosa mengi, mama akiniambia nisihesabu kwa vidole. La Zaituni lilikuwa safi. Pili, eneo lake la kufagia. Kila mwanafunzi alikuwa na kipande chake cha kufagia kabla ya kwenda mstarini. Mimi nilipewa njia nyembamba ya kuelekea chooni, na niliichukia. Zaituni alikuwa akifagia kipande chake, akimaliza anahamia mbele ya ofisi, kwenye kipande cha Deo, kiranja wa darasa lao. Siku nyingine anaongeza na cha mtu wa tatu. Nilidhani maeneo ya ziada wanapewa wale wanaoaminika. Niliwaringia wenzangu kwamba dada yangu peke yake ndiye anayefagia mbele ya ofisi.

Sasa ikatokea wiki ambayo mama alikuwa mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu anatakiwa kufika mapema kuliko walimu wenzake. Niliandamana naye hadi upande wa sekondari, nimembebea mkoba. Tulimkuta Zaituni, aliyetutangulia kutoka nyumbani, ameinama, mtandio wake mweupe ameutupia begani, anafagia kwa kasi mbele ya ofisi. Hatua chache kutoka pale, Deo amekaa kwenye tofali, ametandika daftari lake la Hisabati mapajani, na wenzake wamemzunguka, wengine wamepiga magoti, wanaandika. Mama alisimama. Aliangalia fagio, akaangalia tofali, akaangalia tena fagio. Mimi nilijua anafurahia jinsi dada anavyojituma, nikatabasamu kwa niaba ya ukoo mzima.

Jioni ile mama alisahihisha mazoezi pale mezani kama kawaida, mimi nikiwa upande wa pili na kazi yangu. Alipofika daftari la nne au la tano akaacha. Akarudi la kwanza. Akayafungua yote, akayapanga sakafuni, chumba kizima hadi mlangoni. Nilishuka nikaangalia. Katika kila daftari, swali la tatu, mstari wa pili, kulikuwa na hesabu iliyoandikwa ikakatwa, halafu chini yake ikaandikwa nyingine. Deo alikuwa ameanza vibaya, akakata, akaanza upya. Na wenzake wote walikuwa wameandika lile kosa kwa uangalifu, kisha wakalikata kwa uangalifu.

"Darasa zima limebadili mawazo mahali pamoja," mama alisema.

Nilicheka sana. Mama naye alicheka kidogo, kisha akaliokota daftari la Zaituni, akauangalia ule mstari uliokatwa kwa rula, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Nilikuja kuelewa baadaye kabisa kilichomshtua. Mwaka uliotangulia Zaituni alikuwa amefeli mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na mwaka ule alikuwa anarudia. Sheria ilikuwa wazi na wanafunzi wote waliijua: ukifeli mara ya pili, shule ya serikali huna tena. Baba yake alikwisha kusema kwamba ikiwa hivyo atakuja kumchukua, akasaidiane na mama yake shambani, maana hana ubavu wa kumpeleka kwingine. Ile mara ya kwanza mama alijiambia kwamba mtoto alipatwa na hofu ya mtihani, kwani kazi zake za kila siku si ziko vizuri? Kumbe mama alikuwa akimwekea vema mwenye akili mmoja tu, mwaka ule mwingine na sasa Deo, katika madaftari ya darasa zima. Na Zaituni alizilipia zile vema kwa fagio.

Kunakili huko wao walikuita kudesa. Sote tunalijua hilo neno, na tusijifanye watakatifu. Mwenye akili anafanya kazi ya nyumbani, wengine wanadesa asubuhi wakati wa usafi, na malipo ni kumfagilia, kumchotea maji ya kumwagilia maua, kumbebea jembe siku ya shamba la shule. Deo sidhani kama aliwahi kushika fagio tangu kidato cha kwanza.

Mama alijaribu alichoweza. Kwanza aliwarudishia wote wafanye upya. Wakadesa ule upya. Akagawa maswali, upande huu wa darasa haya na upande ule yale. Wakatafuta akina Deo wawili. Walimu wenzake walimshauri atembeze fimbo. Alitembeza, siku moja tu. Kesho yake madaftari yalifanana vilevile, ila mwandiko ulikuwa mbaya kwa sababu viganja vimevimba.

Siku ya baada ya hiyo, na haya nilisimuliwa na Zaituni mwenyewe tukiosha vyombo, mama aliingia darasani, akafunga mlango, akafunga na madirisha. Pale shuleni kuzungumza Kiswahili kulikatazwa. Ukikamatwa unavalishwa kibao shingoni siku nzima. Mama akaandika swali ubaoni, kwa Kiingereza kama lilivyo kitabuni, kisha akawaambia kwa Kiswahili: sitaki jibu, nataka mtu aniambie hili swali linauliza nini. Akamwinua mmoja, akamwinua mwingine. Mwishowe msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, sisi hatujui linauliza nini. Hatujawahi kujua." Akaanza kulia, na darasa zima likainamisha vichwa.

Baada ya hapo mama alikuwa na kanuni moja tu, akaiandika kwa chaki juu ya ubao: kukosa ruksa, kufanana marufuku. Kipindi cha mwisho walibaki darasani mlango umefungwa, wanasoma swali, wanaelezana kwa Kiswahili linataka nini, halafu kila mtu anakwenda nalo nyumbani kwake. Aliyekosa hapigwi wala hasemwi. Waliofanana wote wanapata sifuri, hata kama jibu ni sahihi.

Haikutokea siku moja, lakini ilitokea. Nakumbuka jioni ambayo mama alikuwa mezani, nikasikia kalamu imenyamaza, nikainua macho nikamwona machozi yanamtiririka. Nilisogea kwa hofu. Madaftari yalikuwa yametapakaa, mekundu matupu, makosa kila mahali. Sikuwahi kuona darasa la wajinga namna ile.

"Mama, wamekosa wote?"

"Wamekosa," alisema, huku anafuta mashavu kwa upande wa kanga. "Lakini hebu angalia. Hakuna aliyekosa kama mwenzake."

Akaanza kunionyesha: huyu kajumlisha pa kutoa, huyu kasahau sifuri, huyu swali hajalielewa lakini amejaribu njia yake. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akachukua daftari la Zaituni, ambalo lilikuwa baya kuliko mengine yote, akalikumbatia kifuani. Zaituni alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Aliona kila kitu. Uso wake sikuuelewa, na wala sikujishughulisha nao. Nilichoelewa mimi ni kwamba mama amelia kwa furaha akiwa ameshika daftari la dada. Kwa hiyo dada ameshinda.

Siku mbili tatu baadaye baba yake Zaituni, ambaye mimi namwita baba mkubwa, alipiga simu wakati mama anaswali. Nikapokea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza habari za masomo ya dada yako. Nikamwambia mambo ni mazuri sana, mama aliliona daftari la dada akalia kwa furaha, akalikumbatia kabisa. Upande wa pili wa simu nikasikia sauti ya mzee yule mzito, asiyecheka ovyo, ikicheka. Akasema Alhamdulillahi, akarudia tena na tena, mpaka salio likamwishia.

Jumamosi akatokea kwetu. Ametoka Kisarawe alfajiri, ana jogoo kwapani na kiroba cha mihogo mabegani, ameinyoosha kanzu kwa pasi siku ambayo si ya Ijumaa. Alimwambia mama amekuja kushukuru, kwamba kule nyumbani walikuwa wameshakata tamaa na huyu mtoto, kwamba mama mkubwa tangu asikie habari ile analala usingizi. Nilimwona mama akifungua mdomo, akaufunga. Aliniangalia mimi. Kisha akamwambia, "Ni kweli, shemeji. Anajifunza."

Jogoo akachinjwa. Baba mkubwa alimkatia Zaituni paja yeye mwenyewe, heshima ambayo sikuwahi kuona mtoto wa kike akipewa pale kwetu. Zaituni alilitia mdomoni, akatafuna, akatafuna. Alitoka nje kwa kisingizio cha maji. Mimi niliona wivu kwa sababu ya lile paja.

Baba yake alipoondoka, Zaituni alimfuata mama jikoni. Mimi nilikuwa nasugua sufuria pale pale, na wakubwa, kama mnavyojua, wanadhani mtoto anayesugua sufuria hana masikio. Zaituni alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Mama mdogo, niache nidese. Mpaka mtihani tu. Nakuomba."

"Kwenye mtihani utadesa kwa nani?"

"Nitakariri. Kuna vitu nikiviandika mara nyingi vinakaa. Hivi unavyotaka wewe, sitafika. Wenzangu wanakosa kidogo, mimi nakosa yote. Umeona baba alivyofurahi?"

Mama alimwinua. Alimwambia kwamba mwaka jana alikariri na tuliona. Alimwambia watafanya wote wawili, kila siku, na safari hii kitakachoingia kitakuwa chake, hakuna atakayekuja kumnyang'anya. Zaituni alitikisa kichwa kuitikia. Mikono yake ilikuwa imening'inia tu.

Wakaanza. Mama alitafuta mahali ambapo Zaituni alipotelea, akarudi kidato cha kwanza, hayupo. Akarudi darasa la saba, hayupo. Mwishowe akaja kuomba kitabu changu. Kitabu changu mimi, cha darasa la nne, chenye picha za machungwa yaliyokatwa vipande. Tukawa tunakaa mezani watatu, mama anaeleza nusu na robo, na mimi, ambaye nilifundishwa yale yale mwezi huo huo, nilikuwa najibu kabla swali halijaisha. Nilikuwa napiga kelele za ushindi. Mama aliniambia ninyamaze, na nilinyamaza kwa muda, kisha ikanitoka tena. Zaituni hakunikasirikia hata siku moja. Alikuwa akinitazama kwa makini sana, kama mtu anayejaribu kuona mlango nilioingilia uko wapi.

Nikisema alijitahidi nitakuwa nimempunja. Alikonda. Aliacha kusuka nywele, akawa anazifunga tu chini ya mtandio. Na alifanya jambo ambalo mama hakumwomba: aliacha kudesa masomo yote, hata ya walimu wengine ambao hawakujali. Alisema anaona haya kuwa mkweli kwa mama na mwongo kwa wengine. Basi akaanza kupata sifuri za Fizikia, sifuri za Historia, akachapwa kwa sababu ya Jiografia, na kila jioni anarudi kwenye machungwa ya darasa la nne. Yalianza kumwingia, nawaambieni. Polepole, kwa maumivu, yalianza. Siku moja alipata hesabu ya sehemu peke yake, mimi nikiwa bado naifikiria, akainua kichwa akanitazama, uso umemwiva. Mama aliondoka mezani akaenda kusimama uani.

Tatizo ni kwamba mtihani hauulizi umetokea wapi. Tena miaka ile alama za kazi za mwaka zilikuwa zinajumlishwa na za mtihani, na mkuu wa shule alimwita mama ofisini kuhusu hilo. Hakuwa mtu mbaya, mkuu yule. Alimwambia darasa lako lilikuwa linaongoza, sasa linaburuta mkia, na wazazi wameanza kuniuliza. Akamwambia, Mwalimu, wape alama. Kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa dawa. Mama alikataa, akaja nyumbani akatuambia amekataa, huku anakata mchicha. Zaituni alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama na alama zake ziliandikwa hivyo hivyo. Mama akasema ndiyo, hivyo hivyo. Nilishangaa kwa nini dada anauliza. Mimi nilikuwa bado nasubiri siku atakayopewa zawadi mstarini.

Mtihani ukafika, ukapita. Likizo yote ya Desemba Zaituni hakwenda kwao. Alibaki kwetu, na kazi yake ilikuwa kufagia uwanja. Anafagia asubuhi, anafagia mchana, majani hakuna, anafagia mchanga. Ananyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiingie ndani. Mama alimwambia apumzike, akasema akikaa anasikia kichwa kinavuma. Msiniulize tena kwa nini harufu ile inanisimamisha.

Matokeo yalipobandikwa, mama alikwenda peke yake. Alirudi kwa miguu, ingawa bodaboda zilikuwepo. Deo alikuwa amefaulu vizuri. Wengi wa wale waliokuwa wamemzunguka Deo kwenye tofali walifaulu pia, wengine kwa kubahatisha, na mama aliwafurahia kwa haki. Zaituni alikosa. Alikosa kwa kidogo, na hicho kidogo ndicho kilimmaliza mama, kwa sababu aliweza kukihesabu. Zile alama za kazi za mwaka, kama angemwachia tu daftari lile la vema za uongo, zingetosha kumvusha na zingebaki.

Alimweleza Zaituni sebuleni, wamekaa wamegusana magoti. Zaituni hakulia. Aliuliza kama atamwambia baba yeye au mama mdogo. Ndipo nilipoanza mimi kulia, kwa sauti, kwa sababu hapo tu ndipo nilipoelewa kwamba tangu mwanzo nilikuwa nimeelewa vibaya, na jogoo ameshaliwa.

Baba mkubwa alikuja bila kanzu, amevaa shati la kazi. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akakataa chai. Mama alizungumza sana siku ile. Alisema kuna mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea, kwamba Zaituni abaki hapa hapa, atamfundisha mwenyewe mchana na jioni, kwamba sasa ndiyo kwanza ameanza kuona mwanga na akiondoka yote yatapotea. Sauti ilimpanda, kisha ikamkauka. Sikuwahi kumwona mama yangu akimwomba mtu kitu kwa namna ile, na sikumwona tena baada ya hapo.

Mzee alimwacha amalize. Hakuwa na hasira, na nadhani angekuwa nayo ingekuwa afadhali.

"Shemeji," alisema, "wewe mwenyewe ulikaa hapa ukaniambia mambo yanakwenda."

"Nilikwambia anajifunza. Sikusema kwamba atafaulu."

"Mimi tofauti yake siijui." Alikuwa anakunja kofia yake magotini. "Nilikuletea kwa sababu wewe unaijua."

Zaituni alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kanga tangu asubuhi. Alinikumbatia, akampigia mama magoti kama desturi, akamwambia asante mama mdogo kwa kunilea, maneno ambayo binti anamwambia mtu mzima. Kitabu changu cha darasa la nne alikiacha mezani, amekifunika vizuri kwa gazeti jipya. Niliwasindikiza hadi barabarani. Baba mkubwa alitembea mbele, yeye nyuma, na sikumwona akigeuka.

Najua mtauliza alikuja kuwaje, na nitawaambia, ila msitarajie kitu cha kuwafariji. Yuko huko huko Kisarawe, ana watoto, analima mihogo na kubangua korosho. Hana kinyongo na mtu. Mama alimfuata mara mbili na vitabu, na mara zote mbili alivipokea kwa adabu, akavipeleka ndani, na mazungumzo yakaendelea kuhusu mvua.

Lakini kinachonirudia mimi si kuondoka kwake. Ni siku shule ilipofunguliwa. Mama alipanda na lile darasa hadi kidato cha tatu, akawapa kazi ya kwanza ya nyumbani, na jioni nilimbebea madaftari kama zamani, nusu yeye nusu mimi. Ubaoni kanuni yake ilikuwa bado iko, kwani walibaki chumba kile kile na hakuna aliyeifuta. Na wale wanafunzi wote walimpenda, hilo nalijua, kwani siku Zaituni alipokosekana mstarini baadhi yao walikuja hadi nyumbani kumpa pole mama. Walimpa pole kwa dhati. Ila na wao walikuwa na macho, na walikuwa wameona nani kabaki na nani kaondoka.

Mama alikaa mezani akafungua daftari la kwanza. Akafungua la pili, la tatu. Alizidi kufungua bila kuandika chochote, kisha akayapanga mezani wima, moja likililalia jingine, akakaa kuyatazama mikono ikiwa mapajani. Nilingoja acheke au alie. Baada ya muda alichukua kalamu nyekundu, akaanza kusahihisha upesi upesi, daftari baada ya daftari, bila kurudi nyuma kulinganisha.

Mimi moyo ulinifunguka. Kwa majuma mengi nyumba yetu ilikuwa kama ya msiba, na sasa niliona ukurasa baada ya ukurasa umejaa vema, kutoka juu hadi chini, safi, bila kosa hata moja. Nilitaka na yeye afurahi. Nikamshika begani.

"Mama, wamepata wote."

Hakuinua kichwa.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Wote."